Obama wa Springfield, kabla dunia haijamjua

Hamjambo watazamaji wangu, wa Mombasa, Kisumu, Dar, popote mlipo. Leo nipo Hyde Park, kusini mwa Chicago, na nataka tumzungumzie Obama. Najua mtasema huyu tunamjua. Ngojeni kidogo. Wengi wetu tulianza kumsikia Julai 2004, alipohutubia mkutano mkuu wa chama cha Democratic kule Boston. Mimi namtaka yule wa kabla ya hapo, aliyekaa miaka karibu minane katika Seneti ya jimbo la Illinois.

Huku kila jimbo lina bunge lake. La Illinois liko Springfield, mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Obama aliapishwa huko Januari 1997, akiwa na miaka 35.

Namna alivyokipata kiti hicho, niseme ukweli, bado hainipendezi. Aliyekuwa nacho, mama Alice Palmer, alikwenda kugombea Bunge la Washington, akashindwa, akataka kurudi. Kambi ya Obama ikapinga saini za wadhamini wake na za wagombea wengine wa mchujo, wakaondolewa wote. Akabaki peke yake. Sheria iliruhusu, lakini wananchi walinyimwa nafasi ya kuchagua.

Kisha yakamfika yeye. Mwaka 2000 alimvaa Bobby Rush, mbunge wa Washington, mtu aliyetoka katika harakati za Black Panther, kundi la kupigania haki za watu weusi, anayependwa mitaa hii. Obama alipigwa vibaya, Rush akipata kura zaidi ya mara mbili ya zake. Watu walimwona msomi wa Harvard, mgeni kwao. Na kule Springfield chama chake kilikuwa upande wa wachache, miswada yake mingi ikifia kwenye kamati.

Mambo yaligeuka 2003. Democratic walishika Seneti, Emil Jones akawa rais wake, naye akamkabidhi Obama miswada mizito. Hapa ndipo ninapompenda. Illinois ilikuwa imeaibika: watu 13 waliohukumiwa kifo walikuwa wamebainika kuwa hawakustahili hukumu ile, na baadhi ya kesi za namna hiyo zilijengwa juu ya maungamo ya kulazimishwa. Obama akapeleka mswada wa kuwataka polisi warekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Polisi walikataa, waendesha mashtaka walikataa. Hakuwatukana. Alikaa nao, akasikiliza wanachohofia, akarekebisha vipengele, akarudi tena. Seneti ikaupitisha bila kura hata moja ya kupinga. Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani kulitungia jambo hilo sheria. Fikirieni kijana asiye na wakili, usiku, chumbani na askari, halafu kamera ipo.

Machi 2004 alishinda mchujo wa useneta wa Marekani kwa zaidi ya nusu ya kura, kati ya wagombea saba. Novemba akapata asilimia 70, na Januari 2005 akaapishwa Washington.

Agosti 2006 akaja Kenya, seneta bado, akawaambia watu wazi katika Chuo Kikuu cha Nairobi kuhusu ufisadi na ukabila, serikali ikakasirika. Kama ulikuwepo siku ile, niandikie hapo chini. Nataka kujua ukumbini watu waliipokeaje hotuba ile.