Adabu Bila Kofi: Mazungumzo na Wazazi wa Mtoto wa Kwanza

Wazazi wenzangu, asanteni kwa kuja, hasa mliokuja na vichanga. Wakilia msitoke nje, sauti yangu itafika tu.

Mmeniuliza njia ipi ya kumfunza mtoto adabu bila kumpiga. Wenye watoto wasiofika mwaka, kwa sasa hamna wa kumrudi. Mtoto wa miezi minne akilia usiku hakufanyii jeuri. Ana njaa, amelowa, au anakutaka wewe. Mbebe, hadeki. Ukihisi hasira zinakupanda, mlaze mahali salama, toka nje kidogo, kisha urudi. Kamwe usimtikise, kwa maana ubongo wake unaweza kuumia vibaya.

Kazi yenyewe huanza anapojua kutaka kitu na kukukatalia.

Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, Diana Baumrind, alieleza aina tatu za wazazi: anayeamrisha tu, anayeachia kila kitu, na mwenye msimamo lakini anayemsikiliza mtoto. Wengi wakisikia nidhamu chanya, yaani kumfunza mtoto adabu bila kumpiga, humfikiria huyo wa pili. Sivyo. Tunayemzungumzia ni wa tatu, na ndiye mwenye kazi kubwa kuliko wote.

Tuseme mtoto wa miaka miwili anachezea simu yako. Umeichukua, naye amejitupa chini, mateke hewani, kamasi zinamtiririka, na wageni wanatazama. (Wageni ndio wanaotuponza, zaidi ya mtoto.) Wengine hurudisha simu ili anyamaze, wengine humzaba kofi. Chuchumaa, macho yenu yalingane, umwambie: "Umekasirika kwa sababu nimechukua simu. Simu sikupi." Basi. Usimhutubie, kwa sababu sehemu ya ubongo inayotuliza hasira huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka ishirini; huyu wako ana miwili. Kaa karibu asijigonge. Akipoa, mpe shughuli nyingine. Simu hairudi. Ukiirudisha kwa sababu amelia, umemfundisha kwamba kilio kinalipa, na kesho atalia zaidi.

Kuhusu kofi, mwaka 2016 watafiti Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walijumlisha tafiti zilizohusu watoto zaidi ya 160,000. Kupigwa kulienda pamoja na ugomvi na ukaidi zaidi. Utasema labda wakaidi ndio wanaopigwa sana. Hoja hiyo ina uzito, na tafiti za aina hii pekee hazimalizi ubishi wote. Ila faida ya kofi haikuonekana. Sweden ililipiga marufuku hata nyumbani tangu 1979.

"Mimi nilichapwa na nikawa mtu." Najua, nasikia hilo kila ninapozungumza. Wazazi wetu siwalaumu. Jiulize tu: bakora ilikufunza kuacha kosa, au kulifanya wasipokuona?

Sasa kuchagua. Usichague njia inayopendeza ukiwa umelala vizuri. Chagua ile utakayoiweza saa moja jioni, umechoka, mtoto hataki kuoga. Kaeni wawili, au wewe na anayekusaidia kulea, mkubaliane makatazo machache: asijihatarishe, asiumize wengine, asiharibu vitu makusudi. Mengine yapuuzeni kwa muda. Soksi zisizofanana hazijamdhuru mtu. Mkiwa na makatazo thelathini mtayasimamia matano, na mtoto atayajua matano hayo kabla yenu. Baba akikataa na mama akakubali, atajua pa kwenda kuomba. Kama hamkubaliani, bishaneni baadaye, akiwa amelala.

Bibi na babu nao waambieni mapema, kwa heshima, mkiwataka msaada badala ya kuwasomea sheria. Watapinga kidogo. Vumilieni.

Naona mikono imeanza kunyooka. Tuanze na mama aliyembeba pacha.