Kasri Lililoishi na Moto

Ndugu mwenyekiti, na ninyi nyote mliokuja, asanteni. Seoul ina makasri matano ya wafalme wa Joseon, nasaba ya zamani ya Korea. Jioni hii nitabaki na moja tu, Gyeongbokgung, kwa kuwa ndilo lililonishika moyo, na humo ndani nitafuata kitu kimoja: moto.

Mkifika kwenye ukumbi wa kiti cha enzi, Geunjeongjeon, mtaona watu wanasongamana mlangoni wachungulie kiti na picha ya jua, mwezi na vilele vitano iliyo nyuma yake. Nanyi mtachungulia, lakini kwanza nendeni pembeni mkatazame jungu kubwa la maji. Wenyewe huliita deumu. Jengo lote ni la mbao, na maji yale hayatoshi kuzima paa likishika moto. Wakorea husimulia kwamba jini la moto likija, litajiona humo sura yake ilivyo mbaya, litoke mbio. Naipenda sana simulizi hiyo, maana ni ya watu waliojua fika nyumba yao ni kuni.

Na walikuwa na haki ya kuogopa. Kasri lilijengwa mwaka 1395. Mwaka 1592, majeshi ya Japani yalipovamia na mfalme akaukimbia mji, likateketea, likabaki magofu kwa zaidi ya miaka 270. Aliyeliinua tena ni Heungseon Daewongun, baba wa mfalme kijana Gojong, kuanzia mwaka 1865. Fedha hazikutosha, ikatolewa sarafu iliyotajwa kuwa na thamani mara mia ya sarafu ya kawaida, na bei za vitu zikapanda vibaya. Tunapoyasifu mapaa yale tuwakumbuke na wananchi walioyalipia.

Lakini moto huohuo waliouogopa waliulaza chini ya sakafu. Huo ndio mtambo wao wa ondol. Nje ya chumba, chini kwenye msingi, kuna mdomo wa jiko. Nilipiga magoti mbele ya mmoja wao: tundu la mawe, dogo, mtumishi angeinama kabisa ili kusukuma kuni. Moshi wa moto hupita kwenye mifereji iliyo chini ya sakafu, mawe bapa ya juu yake yakapata joto na kulihifadhi, na watu waliketi na kulala juu yake wakati wa baridi kali. Kisha moshi lazima utoke. Nyuma ya Gyotaejeon, makao ya malkia, unatokea bustanini, kwenye dohani za matofali mekundu zenye pembe sita, zimechorwa maua na wanyama. Usipoambiwa utadhani ni minara ya mapambo. Mimi sijaona kwingine moshi ukiheshimiwa hivyo.

Wageni wengi hurudi kutokea hapo. Ninyi endeleeni hadi kaskazini kabisa, kwenye nyumba za Geoncheonggung. Mwaka 1887 taa ya kwanza ya umeme nchini Korea iliwaka huko. Miaka minane baadaye, Oktoba 1895, wauaji wa Kijapani waliingia alfajiri kwenye nyumba hizohizo, wakamuua malkia, yule anayejulikana leo kama Myeongseong, na mwili wake wakauchoma moto.

Baada ya Japani kuitwaa nchi mwaka 1910, majengo mengi ya kasri yalibomolewa, na mwaka 1926 jengo la serikali ya kikoloni likakamilika mbele ya Geunjeongjeon, likaliziba. Wakorea walianza kulibomoa tarehe 15 Agosti 1995, miaka hamsini kamili tangu ukombozi. Nyumba za Geoncheonggung nazo zimejengwa upya, na hazikupakwa rangi zile za kijani na nyekundu mlizoziona mbele. Mbao zimeachwa wazi.

Kasri hufungwa Jumanne, na aliyevaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, huingia bure. Nendeni asubuhi, ili mfike huko nyuma miguu ikiwa bado na nguvu.