Paulo Alikuwa Anasahau Nini?

Ndugu zangu, Bwana Yesu asifiwe.

Fungueni Wafilipi sura ya 3, mstari wa 13. "Natenda neno moja tu, nikiyasahau yaliyo nyuma, nikiyachuchumilia yaliyo mbele." Mstari huu tunaupenda sana kwenye mkesha wa mwaka mpya, na karibu kila mara tunamsomea mtu yuleyule: aliyekuwa mlevi, aliyevunja ndoa yake. Tunamwambia, sahau, songa mbele. Ni sawa. Lakini leo naomba turudi juu kidogo, mstari wa 5 na wa 6, tuone Paulo mwenyewe alikuwa na nini huko nyuma.

Ametahiriwa siku ya nane. Wa kabila la Benyamini. Farisayo. Kwa haki ya sheria, hakuwa na hatia. Hizo si dhambi, ndugu zangu, hizo ni sifa! Na katikati ya sifa hizo ametaja kwamba aliliudhi Kanisa, yaani aliwatesa waumini, kwa sababu enzi zile hata hilo alilihesabu kuwa bidii ya dini. Yote anayaweka fungu moja, anayahesabu kuwa mavi ili ampate Kristo.

Basi anayeng'ang'ania ya nyuma huenda si yule mlevi wa zamani. Huenda ni sisi tuliookoka siku nyingi. Mnajua historia ya Uamsho wetu, ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Tanganyika na Kenya. Watu walitubu hadharani, wakarudisha walivyoiba, wakapatana na majirani. Nawaheshimu mno wazee wale. Lakini leo mtu anasimama kwenye ushirika, anataja tarehe aliyookoka, tunaimba Tukutendereza, wimbo wa Uamsho, anaketi. Mwaka ujao ni tarehe ileile na maneno yaleyale. Muulize Bwana amemtendea nini tangu Jumapili iliyopita, hana la kusema. Tena huyohuyo ndiye analalamika kwamba vijana wa siku hizi hawaombi kama tulivyoomba sisi. Hilo linaniuma, maana wokovu wa juzi hauwezi kuomba kwa niaba yako leo.

Sasa tuje kwa aliyelemewa na dhambi. Paulo hakufuta kumbukumbu. Katika Matendo 22, mbele ya umati Yerusalemu, anasema wazi kwamba damu ya Stefano, mfuasi wa Yesu aliyepigwa mawe, ilipomwagwa yeye alikuwa amesimama pale, akizilinda nguo za wauaji. Miaka imepita, bado anakumbuka nguo! Na kwa Wakorintho anakiri kwamba hastahili kuitwa mtume, kisha papo hapo anasema, "Lakini kwa neema ya Mungu nimekuwa hivi nilivyo," na anaendelea kueleza kazi aliyoifanya. Anaitaja dhambi, halafu anakwenda kazini.

Wala msitumie mstari huu kukwepa madeni. Zakayo, mtoza ushuru, alipompokea Yesu alisema atawarudishia mara nne aliowadhulumu. Kama ulikula fedha za kikoba, rudisha kwanza, waombe msamaha wale akina mama uso kwa uso.

Barua hii Paulo aliiandika akiwa kifungoni, hajui kama atatoka hai au la. Makanisa ameyapanda, mateso ameyapata, na bado anasema hajidhanii kwamba amekwisha kushika. Mzee wa kanisa, wewe umekwisha kushika nini hata umekaa?

Na wapo humu ndani ambao miaka sasa hawasogei Meza ya Bwana kwa ajili ya jambo la zamani. Umetubu. Umekwenda kwa uliyemkosea. Kilichoweza kurudishwa umekirudisha. Jumapili hii mkate ukiletwa, usibaki kwenye benchi. Njoo ule pamoja nasi.