"Ile Hela Tuma kwenye Namba Hii": Mhadhara Kuhusu Simu, Pesa na Majina Yetu

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni waalikwa, nimeombwa nizungumzie faida na madhara ya teknolojia ya mawasiliano. Mada hiyo ni bahari, nami si mpiga mbizi hodari. Kwa hiyo nitashika ujumbe mmoja tu wa simu, ambao sidhani kama yupo ukumbini humu asiyewahi kuupokea: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja…", kisha linafuata jina la mtu usiyemjua.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Waliosoma bweni miaka ya 1990 wanajua ada ilivyosafiri: noti zilikunjwa ndani ya bahasha, bahasha ikakabidhiwa kondakta, na mwanafunzi akashinda stendi akilingojea basi ambalo pengine lilikuwa limeharibika njiani. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, safari hiyo ikawa ya sekunde chache, na mtu ambaye hajawahi kukanyaga benki akapata pa kuweka akiba yake. Asitoke mtu hapa akasema kwamba mhadhiri anaichukia simu.

Turudi kwenye ujumbe wetu, hasa neno lake la kwanza. Mnisamehe, mimi ni mwalimu wa lugha. "Ile" haionyeshi kitu kilicho mbali tu, bali hurejelea pia jambo ambalo msemaji na msikilizaji wanalijua tayari. Anayekuandikia "ile hela" amekwisha kukuingiza katika mazungumzo ambayo hayakuwahi kuwapo. Tapeli hakujui wala hajui unadaiwa na nani. Anautawanya ujumbe uleule kwa namba nyingi, akiamini kwamba miongoni mwa wanaoupokea hakosekani mmoja ambaye saa hiyohiyo anatakiwa kulipa kodi ya nyumba, ada au mzigo wa dukani, na huyo atajijazia mwenyewe maana ya "ile".

Ndivyo ilivyomkuta mama yangu mdogo, muuza vitenge. Alikuwa amemwahidi mwenye mzigo wake kwamba angemtumia shilingi 180,000 kabla ya adhuhuri, na ujumbe ukaingia saa tano na nusu. Aliandika namba, jina likatokea kama lilivyotajwa, akaingiza namba ya siri. Alipompigia mwenye mzigo kumwuliza kama amepokea, alijibiwa, "Kwani umeshatuma?" Pesa zilikuwa zimekwisha kutolewa.

Angalieni kilichomtuliza: ni lile jina. Utaratibu wa kuonyesha jina la mpokeaji uliwekwa ili kumlinda mtumaji, na tapeli akaugeuza kuwa ushahidi wake. Jina lenyewe alilipata wapi? Mwezi Mei 2019 nchi yetu, Tanzania, ilianza kusajili laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Nia ilikuwa kumnyima tapeli maficho. Lakini kazi kubwa ya usajili ilifanyika mitaani, chini ya miavuli, na wapo walioambiwa, "Mama, alama haijasoma, weka tena kidole," wasijue kwamba kidole kile cha pili kilikuwa kikifungua laini nyingine kwa jina lao. Maficho mapya ya tapeli yakawa ndani ya majina ya watu halisi.

Sisemi kwamba usajili ulikuwa kosa. Bila huo tusingeweza kubonyeza *106# tukaona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chetu, na kuupeleka ujumbe wa kitapeli kwenye 15040, namba ya kuripoti utapeli, kusingekuwa na maana yoyote.

Mikopo ya kwenye simu nitaigusa kwa haraka, ingawa kisa chake ni ndugu wa hiki. Baadhi ya programu za kukopesha huomba ruhusa ya kusoma namba zote ulizohifadhi. Siku ukichelewa kulipa, mchungaji wako, bosi wako na mkweo wanaandikiwa kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Mkopo wa dakika tano, mtu akiwa na mgonjwa usiku wa manane, ni msaada wa kweli, na ndiyo maana huyo mwenye mgonjwa hasomi ruhusa anazozitoa.

Namalizia kwa mama mdogo. Wiki iliyofuata nilimwomba abonyeze *106#. Zikatokea laini tatu, naye anazijua mbili. Tulikwenda dukani kwa watoa huduma, ile ya tatu ikafutwa, lakini hadi leo hatujui ni watu wangapi waliowahi kuandikiwa kwamba jina litakalokuja ni la kwake.