Tunafungua transfa ya Suzuki Samurai uani, mwanzo mpaka mwisho

Assalaam aleikum jamani, karibuni tena uani kwetu Mikindani, Mombasa. Anayeshika simu leo ni mpwa wangu, kwa hivyo picha ikicheza msinilaumu mimi.

Kazi ya leo ni transfa, yaani kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, ya Samurai ile ya injini ya lita 1.3. Hii ilikuwa na maradhi mawili: ukiweka 4L, ile gia nzito ya magurudumu yote manne, kwenye mlima inatema gia, yaani gia inachomoka yenyewe, na kila ukiegesha inaacha doa la oili. Samurai ni gari zuri la kujifunzia, maana transfa yake haikushikana na gia boksi. Iko peke yake katikati ya gari, imeninginia kwenye raba tatu, na nguvu inaipata kwa propela fupi, yaani chuma kirefu kinachozunguka, kutoka gia boksi. Gia boksi yako huigusi kabisa.

Gari liko juu ya stendi, si jeki peke yake. Mwaga oili. Chomoa waya wa taa ya 4WD, chomoa kebo ya spidomita, toa wenzo wa gia wa transfa. Propela ziko tatu. Kabla hujafungua hata nati moja tia alama flanji, kile kisahani propela inapofungwa kwa bolti, na propela yenyewe, ili zirudi vile vile zilivyokuwa. Mimi natumia rangi ya kucha. Ya mke wangu, naye hajui, na video hii hatoiona. Spana 12, bolti zote kwenye kopo la Kimbo, twende.

Ile nati kubwa ya flanji ilegeze sasa hivi, transfa ikiwa bado garini. Funga chuma kirefu kwenye matundu mawili ya flanji, kikae kwenye chesisi, halafu vuta. Ukingoja mpaka iko mezani, utaikimbiza ua mzima kama kuku wa Idi.

Sasa weka jeki chini yake, fungua raba tatu, ishushe polepole. Hizi raba ziangalie. Hii moja imepasuka, ona... mjomba, sogeza simu, tunaona kidole chako. Eeh, hapo. Raba ikilegea gari linatetemeka, na watu wanabadilisha propela bure.

Haya, iko mezani. Meza yenyewe ni mlango wa zamani juu ya matairi mawili, na mimi nimekalia mbuzi ya nazi, msicheke, kimo chake ni sawasawa. Chini nimetandika leso kuukuu. Leso hii si pambo. Ndani humu muna springi na goroli ndogo zinazoshika fimbo za kubadilishia gia, na ukivuta fimbo bila kufunika kwa kiganja, goroli inaruka. Fungua plagi zake kwanza, toa springi, inamisha transfa goroli ikuangukie mkononi. Ndipo uvute fimbo. Springi hizi zikichoka ni sababu moja ya gia kutema, lakini si sababu peke yake, subirini.

Nyumba ya transfa, yaani ganda lake la nje, ni vipande vitatu, mbele, kati na nyuma. Toa bolti, gonga na nyundo ya plastiki. Usitie bisibisi kwenye maungio! Hii ni alumini, ukiikwaruza itavuja milele.

Jamani, simu imeanguka. Iko salama? Iko salama.

Basi huu ndio moyo wa kazi: gia ya kati. Inazunguka juu ya shafti yake, ndani muna beringi za sindano, zile za vijiti vyembamba vya chuma, na spesa, na pembeni muna washa mbili, yaani pete bapa za chuma, moja kila upande. Shafti inashikwa na kibamba kidogo chenye bolti moja, na ina oringi. Toa kibamba, vuta shafti, gia inakuja mkononi. Hii shafti ukipitisha ukucha unasikia ngazi pale sindano zilipokaa. Imekwisha. Shafti ikilika, gia inalala upande, meno hayakutani vizuri, na 4L inatema. Sasa mnaona? Watu wanabadilisha springi tu halafu wanarudi kulalamika.

Osha kila kitu na dizeli, beringi mpya, sili mpya, zile pete za raba zinazozuia oili isivuje. Mdomo wa sili wenye springi uelekee kwenye oili. Na kwetu Pwani flanji izingatie sana: chumvi ya bahari inaila pale sili inapokaa, vishimo vya kutu vinaikata sili mpya wiki ya kwanza. Ipige msasa laini na oili. Vishimo vikiwa vya kina, tafuta flanji nyingine, usijidanganye.

Kurudisha gia ya kati. Punguza sauti ya redio, tafadhali. Zile washa mbili zina kidoto kinachoingia kwenye kijishimo cha nyumba. Zipake grisi nzito zigande, ziweke, halafu ingiza gia, halafu shafti polepole. Washa ikianguka, toa kila kitu uanze upya. Mimi mara ya kwanza niliisikia "ti!" nikasema ni kokoto, nikafunga. Nikapandisha Mazeras vizuri tu. Kurudi, mlio wa mashine ya kusaga, na nyumba nzima ikawa chuma chakavu. Kwa hivyo kidoto kwenye kijishimo, angalia kwa tochi. Shafti ikifika katikati, angalia tena. Ukimaliza tingisha gia kwa mkono, kisha angalia mara ya tatu. Mpwa wangu anasema nimesharudia. Ntarudia tena: kidoto, kijishimo, tochi.

Maungio yapake silikoni nyembamba, iliyozidi huziba njia za oili. Goroli, springi, plagi.

Kabla haijarudi garini ijaribu kwa mkono. Weka 4H, ile gia nyepesi ya magurudumu manne, tia alama, zungusha flanji ya kuingilia: mara moja na karibu nusu hivi, ya kutokea inapiga mzunguko mmoja, maana hesabu yake ni 1.409. Weka 4L: zungusha mara mbili na robo, kwa hesabu ya 2.268. Ikikwama popote, usifunge kwa nguvu ukitumai itajilegeza. Fungua.

Irudishe, alama za rangi zikutane, tia oili 80W-90, kama lita 0.8, mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kujazia.

Seti ya sili, oringi na beringi ninayo mimi, niandikieni ujumbe. Shafti sina, tafuteni Mwembe Tayari, mwende na ya zamani mkononi mpime.

Tumezunguka mpaka Bamburi na kurudi, 4L kwenye mchanga haikutema. Usiku nimeweka katoni chini ya gari, na sasa ni asubuhi, nakunywa chai na mahamri, hebu tuivute... Tone moja. Lakini liko mbele, si la transfa. Hilo ni la gia boksi.

Mjomba, usizime, hii tayari ni video nyingine.