Kete 31, Vyumba 62

(Mhadhara wa hisabati kwa watu wote, Mji Mkongwe, Unguja)

Assalaamu alaikum, waungwana. Naona baadhi yenu mmetoka barazani moja kwa moja, ladha ya kahawa bado iko mdomoni, basi nitaanza na kitu mnachokijua kunishinda: dhumna.

Huu ni ubao wa drafti nilioutengeneza kwa boksi. Vyumba 64, nusu vyeusi, nusu vyeupe. Kete moja ya dhumna inafunika vyumba viwili vinavyopakana. Seti moja ina kete 28, haitoshi. Nimeazima mbili na wenyewe wananisubiri, kwa hivyo sitarefusha. Kete 32 zinaufunika ubao wote, hata mtoto wa chuoni atazipanga. Sasa nachukua mkasi. Nakata chumba cha pembe ya juu kushoto na cha pembe ya chini kulia. Vimebaki 62. Je, kete 31 zitavifunika?

Suali hili nililipeleka Jaws Corner, baraza ya kahawa ya hapa Mji Mkongwe. Kijana mmoja alihangaika nalo mpaka kahawa yake ikapoa. Kila akipanga, vinabaki viwili, kimoja huku, kimoja kule. Mwisho akasema haiwezekani. Umejuaje? "Si nimejaribu!" Lakini kujaribu si ushahidi. Ubao mzima, usiokatwa, unafunikika kwa njia 12,988,816, na hesabu hiyo ilipatikana 1961 kwa kanuni aliyoitoa mwanafizikia Kasteleyn, na wanafizikia wenziwe Temperley na Fisher nao kivyao. Nani atajaribu zote? Jibu lilitoka kwa mzee aliyekuwa kimya muda wote: "Hivyo vinavyokubakia ni vya rangi moja." Ndiyo hiyo. Pembe zinazokabiliana zina rangi moja. Nimekata vyeupe viwili, vimebaki vyeusi 32 na vyeupe 30, na kila kete inadai kimoja cha kila rangi.

Sisi tunachora hivi: kila chumba nukta, kila mpaka mstari wa kuunga nukta mbili, na mchoro wote unaitwa grafu. Ukichagua mistari hata kila nukta ikapata mwenzake mmoja, asibaki mpweke, huo ni uoanisho kamili. Neno lenyewe lina kuoana ndani yake, na nadharia ninayoiendea wenyewe wanaiita nadharia ya ndoa.

Nilikutana nayo kabla sijaijua jina. Nilikuwa mwalimu mpya Pemba, nikapewa kazi ya ratiba: walimu wanne, masomo manne, kila mmoja somo lake. Nikahamisha majina usiku kucha kwa taa ya chemli, kila asubuhi somo la fizikia halina mtu na mwalimu mmoja hana somo. Nikamlaumu huyo mwalimu. Mwenzangu akaitazama karatasi dakika mbili, akaniambia: "Watazame hawa watatu. Wote wanajua Kiarabu na historia tu." Walimu watatu, masomo mawili. Ningehamisha mpaka leo.

Mwaka 1935 mwanahisabati Philip Hall wa Cambridge alithibitisha kwamba kikwazo ni hicho tu, hakuna chengine. Kama kila kundi la walimu, dogo au kubwa, kwa pamoja linajua masomo yasiyopungua idadi ya walimu wenyewe, basi kila mwalimu atapata lake. Nusu ya kwanza ni wazi. Nusu ya pili ndiyo inayonifanya niipende, na nitaithibitisha hapa hapa, bila ubao.

Mwalimu mmoja amekosa somo. Anayaendea masomo anayoyajua. Yote yana watu. Anawauliza walioyashika: nyinyi mnajua nini jengine? Wanataja masomo mengine, nayo kama yana watu, nao wanaulizwa. Mnaendelea. Ikiwa mahali fulani mnagonga somo tupu, mambo yameisha: wa mwisho anahamia huko, anamwachia somo lake yule aliyelitaja, naye anamwachia wa nyuma yake, mpaka yule wa mwanzo anapata kiti. Na kama hamkugonga somo tupu? Basi kila somo mlilolifikia lina mwenyewe, na mwenyewe huyo mmemuuliza. Hesabu: walioulizwa ni sawa na masomo, na juu yao yuko yule aliyeanza. Walimu wamezidi kwa mmoja. Hilo ndilo kundi la ushahidi, mmelipata kwa kutafuta ndoa. Ama unapata ndoa, ama unapata sababu. Ubao uliokatwa ni mfano huo huo: vyeusi 32 vinagombania vyeupe 30.

Haya yote ni pale penye pande mbili. Kama ni kundi moja, mathalani kugawa wanafunzi wawili wawili kwa dawati, mambo yanakuwa magumu zaidi: mwanahisabati Tutte alitoa sharti lake 1947, na mwenziwe Edmonds akaonesha 1965 namna ya kuutafuta uoanisho huo kwa haraka. Hapo panataka jioni nyengine.

Naam, bwana uliyenyanyua mkono huko nyuma. Anauliza: tukikata cheusi kimoja na cheupe kimoja, popote pale? Suali zuri. Rangi zikilingana haina maana kwamba njia ipo. Lakini kwa ubao huu ipo daima. Tembea na kidole changu: safu ya juu kutoka kushoto mpaka kulia, shuka, rudi kushoto lakini usiingie mstari wa wima wa mwisho, shuka, nenda tena kulia, hivyo hivyo kama nyoka. Ukifika safu ya chini rudi mpaka pembeni kabisa, kisha panda kwa ule mstari uliouacha. Umepita vyumba vyote 64 na umerudi ulipoanza, nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe. Kata kimoja cha kila rangi: mzunguko unabaki vipande viwili, au kimoja kama vilipakana, na kila kipande kina vyumba shufwa. Zilaze kete zifuatane humo.

Boksi jengine hili hapa, na mkasi huu. Njoo ukate wewe, mimi nitageuka nyuma.