Udi wa jirani yangu

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na wale wa habari za asubuhi, habari zenu. Naona kuna baba wawili wamejibana pale nyuma, karibuni, hamtafukuzwa.

Nimeombwa niseme juu ya saratani ya mlango wa kizazi. Nitaanza na jirani yangu. Wengi wenu mmekula vitumbua vyake. Ukimdai chenji anakwambia, "Ipo, ila imelala, nisiiamshe," anacheka mpaka upawa unatikisika mkononi. Tulipakana ukuta miaka 11. Na mimi ni muuguzi, mnajua. Nimestaafu, lakini wakati ule nilikuwa kazini.

Mwaka wake wa mwisho alianza kufukiza udi. Asubuhi, mchana, jioni. Tukamtania: bi mkubwa, unamtarajia nani? "Mchumba," anasema, "meli yake imechelewa." Tukacheka. Barazani akawa hakai sawasawa mkekani, anaegemea upande mmoja. Nalo tukalifanyia mzaha. Mtu mzima, ameshakoma hedhi, anafukiza udi kutwa na anakaa upande. Nami muuguzi nimesimama hapo nahesabu vitumbua.

Udi ule ulikuwa wa kufunika harufu. Damu ilikuwa inamtoka tangu Ramadhani. Alikwenda zahanati moja akapewa dawa za U.T.I., akarudi, akapewa nyingine. Hakuna aliyempandisha kitandani akamwangalia. Haya alinisimulia baadaye sana, wala hakumlaumu mtu.

Alipofika Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar es Salaam, ugonjwa ulikuwa hatua ya tatu. Mnalijua jengo lile la Wajerumani, linaangalia bahari. Kwenye benchi la kusubiri mionzi watu wameinamisha vichwa, yeye akasema, "Mwenzenu nimelipiwa nauli nije kupunga upepo." Benchi zima likacheka.

Sasa nisikilizeni. Saratani hii inaletwa na kirusi kinaitwa HPV. Aina mbili tu, 16 na 18, ndizo zinazosababisha kama asilimia 70 ya ugonjwa huu. Wengi wetu tunakipata na mwili unakiondoa wenyewe. Kikigoma kutoka, kinachukua miaka, mara nyingi zaidi ya 10, mpaka kiwe saratani. Miaka yote hiyo unaweza kukiwahi, tena kwa siki. Asidi ileile ya kwenye kachumbari. Muuguzi anapaka kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, penye mabadiliko panageuka peupe. Mara nyingi panatibiwa siku hiyohiyo.

Nilipomweleza hivyo jirani yangu, akaniuliza, "Siki? Hii niliyonayo jikoni?" Siku hiyo hakutania. Na mimi sikuwa na jibu.

Mabinti zetu wana chanjo, ipo nchini tangu 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Eti inafunga kizazi! Uongo huo nimeusikia hata kwa wenye digrii.

Binti yake yuko pale nje na chuma kilekile cha vitumbua. Amepima asubuhi hii, kaniruhusu niwaambie. Chumba ni kile chenye pazia la kijani. Mliovaa magauni mapana hamna haja ya kubadili. Haya, wa kwanza nani?